Kitambaa Kwenye Pipa la Maji

Kila siku ya Mungu, kabla ya kwenda shule, Joëlle alishuka mwaloni na madumu mawili ya njano. Mwalo ule uko nje kidogo ya mji wa Nchelenge, upande wa Zambia, mahali mitumbwi ya Ziwa Mweru inaposhusha samaki, na mama yake, Mama Marthe, alikuwa na kibanda hapo akiwakaangia wavuvi mikate. Mbele ya kibanda lilisimama pipa la buluu lenye bomba. Joëlle alilisugua, akalijaza maji ya ziwa, akapima vifuniko vitano vya dawa ya maji yenye klorini, akakoroga, kisha akasubiri nusu saa huku akipitia daftari lake. Ndipo alipofunga kitambaa kwenye bomba, na wenye kiu wakajua kwamba wanaweza kunywa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo aliifanya bila kusukumwa, yeye ambaye kuosha vyombo vya nyumbani alihitaji kuitwa mara tatu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha kitenge cha buluu chenye samaki wa njano, upana wa vidole vitatu. Vipande vya namna hiyo vilikuwa kumi na tisa tu, na vyote vilitoka katika kitenge kimoja. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe, na wenye vipande hivyo walikuwa kundi moja la Watsapu lililoitwa Shiye ba Mweru, yaani sisi watu wa Mweru.

Kundi hilo lilianzishwa na Delphine, msichana wa miaka kumi na tisa anayeishi Mununga, mwalo mwingine wa ziwa hilo hilo. Alikusanya watoto wa Kikongo wa huku na huku: wengine wako katika makazi ya wakimbizi, wengine katika kambi za wavuvi kwenye kisiwa cha Chisenga, wengine wamebaki ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Joëlle aliingia kwa simu ya mama yake. Shuleni walimwita Mkongo, hata alipowashinda kwa kusoma Kibemba. Alipovuka kwenda kuwasalimu ndugu zake, nao walimwita Mzambia. Ndani ya simu ile peke yake ndimo ambamo hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Wazo la mapipa lilianzia mbali. Mwaka uliotangulia, video zilikuwa zikizunguka kutoka nchi za nje: vijana wenye glavu wanaokota takataka ufukweni, picha ya kabla, picha ya baada, na dunia nzima inawasifu. Kundi zima lilitaka kuiga, hadi Delphine alipotuma ujumbe wa sauti.

"Bon, tuokote chupa, halafu?" alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Batu betu banakufa juu ya chupa? Banakufa juu ya mayi. Shiye tuonyeshe mayi."

Basi wakaonyesha maji. Kwao, ukoo ukiwa na harusi au msiba, wote hushona kitenge kimoja ili watu wawatambue. Watoto wakachanga, wakanunua kitenge kimoja, na Mama Deborah wa Chisenga, mchuuzi wa samaki, akakikata kwa mikono yake mwenyewe. Vipande vikasafiri na mitumbwi hadi kila mwalo wenye mtoto wa kundi. Sharti lilikuwa moja: kitambaa hufungwa dawa ikiwa ndani ya maji, na kila Jumamosi hutumwa picha. Baada ya miezi michache, hata wavuvi wasio na simu walijifunza kutafuta samaki wa njano kabla ya kukinga kikombe. Joëlle alipowaona wanaume wazima wakikitazama kitambaa chake kwanza, alijisikia ana kwao.

Mwezi wa tatu, uvuvi ulifunguliwa tena baada ya kufungwa tangu mwezi wa kumi na mbili. Mwalo ulifurika watu, na mvua zilikuwa bado hazijakoma. Delphine akatangaza kwamba picha za Jumamosi hiyo zitaunganishwa ziwe video moja, itazamwe na Wakongo walioko nchi zote. "Kila mutu avae uniforme ya kelasi," alisema. "Batuone tuko safi."

Shati la shule la Joëlle lilikuwa jeupe siku liliponunuliwa. Tangu hapo lilifuliwa ziwani mpaka likapata rangi ya chai. Ijumaa jioni alilisugua kwa sabuni mara mbili, na chai ikabaki pale pale. Ndipo macho yake yalipoiangukia chupa ya dawa ya maji aliyopewa na ba Bwembya, yaani bwana Bwembya, mhudumu wa afya wa mtaa wao. Aliwahi kuona tone moja la dawa ile likiacha doa jeupe kwenye sketi ya mama. Ningependa kusema kwamba alisita, lakini hakusita. Alimimina chupa yote kwenye beseni, akaloweka shati, akaenda kula ugali. Alijiambia kwamba Jumatatu ataomba chupa nyingine, na kwamba siku mbili si kitu.

Jumamosi asubuhi shati lilikuwa jeupe pepepe. Joëlle alilisugua pipa kama kawaida, akalijaza kama kawaida, akafunga kitambaa. Mama yake akampiga picha akiwa amesimama wima, mkono mmoja juu ya pipa. Hata mikate ya kwanza ilikuwa haijaiva, na tayari mioyo myekundu ilikuwa imejaa chini ya picha yake. Delphine aliandika kwamba hiyo ndiyo itakayofungua video. Joëlle aliisoma sentensi hiyo mara nne.

Saa tano mtumbwi wa injini kutoka Chisenga ulifika ukiwa umejaa magunia ya chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa. Mama Deborah alishuka kwanza, akiwa na sauti yake inayosikika mwalo mzima. Nyuma yake alishuka msichana mwembamba aliyemshika mkono mtoto wa miaka minne.

"Joëlle?" msichana alisema. "Ni weye?"

Joëlle aliijua sauti ile kabla ya kuujua uso. Ilikuwa ya Sagesse, bintiye Mama Deborah, aliyemtumia ujumbe kila jioni kwa mwaka mzima, bata wakipiga kelele nyuma yake. Hawakuwahi kuonana. Wakakumbatiana, wakacheka, wakaachana ili watazamane, wakakumbatiana tena. Mtoto yule alikuwa mdogo wake, Djo, naye alimvuta dada yake sketi akisema ana kiu. Jua la ziwani lilikuwa limemchoma njia nzima.

Kwao, anayekupa maji hunywa funda la kwanza mbele yako, ndipo akupe kikombe kwa mikono miwili. Joëlle alilijua hilo tangu akiwa mdogo kama Djo. Alikinga kikombe, akakiinua hadi karibu na midomo, akasimama hapo. Alijua maji yale yametoka wapi. Alijua pia jinsi mvua ya juzi ilivyosukuma uchafu wa vichaka vyote watu wanakojisaidia hadi ziwani.

Sagesse akacheka na kukichukua kikombe mkononi mwake. "Acha kuonja, ndugu yangu. Si kitambaa iko? Siku hizi kitambaa ndjo inaonja."

Joëlle alishukuru. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba wakati ule moyo wake ulishukuru. Alimwona Sagesse akinywa kikombe kizima na kufuta mdomo. Alimwona akimkingia Djo kikombe kimoja, kisha cha pili. Neno moja tu lingetosha, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni. Lakini angelitoa, shati lake jeupe lingekuwa aibu mbele ya mtu aliyetamani kumwona kuliko wote duniani. Akanyamaza, na jioni akawasindikiza hadi mtumbwini akipunga mkono.

Jumapili, watu walipokuwa wakitoka kanisani, mtumbwi wa Mama Deborah ulirudi mbio. Djo alikuwa amelazwa juu ya magunia, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mzee. Alikuwa ameharisha maji matupu tangu alfajiri. Sagesse alikuwa ameketi kando yake akitapika. Wakapakiwa kwenye baiskeli mbili na kukimbizwa kituo cha afya. Kufikia jioni wavuvi watatu walikuwa wamelazwa pia, na neno kipindupindu lilitajwa mwaloni kwa sauti ya chini.

Ba Bwembya alikuja kibandani na begi lake. Alikuwa Mbemba, na Kiswahili chake kilikuwa cha biashara, kilichokatwa vipande, ila mtu asiyemwelewa hakuwapo.

"Mwana," alimwambia Joëlle, "jana dawa ulitia?"

"Nilitia, ba Bwembya."

"Vifuniko tano?"

"Tano, mukwai," alijibu kwa heshima ya Kibemba.

"Awe, hapana, basi si hapa." Akamwachia chupa mpya, akaandika kitu katika daftari lake, akaondoka. Hakuwa na sababu ya kumshuku. Kwa mwaka mzima alikuwa akimtaja kwa watu kama mfano.

Ikiwa si mwaloni, basi ni kisiwani, ndivyo kila mtu alivyoelewa. Wavuvi wakaanza kusema kwamba watu wa Chisenga ni wachafu tangu zamani. Ndani ya kundi mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana pipa la Chisenga lilikuwa chini ya Sagesse mwenyewe. Delphine aliandika kwamba sharti ni sharti, na kwamba aliyefunga kitambaa bila dawa amewaua wote. Sagesse alijibu kwa sauti iliyokauka, akiwa kitandani, dripu mkononi: "Yaya Delphine, dada yangu mukubwa, miye nilitia dawa. Kila siku nilitia. Muniamini."

Hakuna aliyemwamini. Saa mbili usiku maandishi madogo ya kijivu yalitokea kwenye kioo cha simu: Delphine amemwondoa Sagesse. Joëlle aliandika sentensi, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta pia.

Jumatatu alivaa shati lake kwenda shule. Mwalimu wa darasa aliposikia habari za kipindupindu alitaka kuzungumza juu ya usafi, akamwita Joëlle mbele. "Mtazameni huyu," alisema. "Hivi ndivyo mwanafunzi anavyotakiwa kuonekana." Darasa likapiga makofi. Joëlle alisimama pale akitazama vidole vya miguu yake. Mapumziko yalipofika hakucheza. Alichukua mfuko wake, akaenda mwaloni.

Mama Marthe alikuwa ameinama juu ya kikaango. Alimtazama binti yake, akalitazama shati, kisha akamtazama tena. Inaonekana swali hilo lilikuwa limemkaa rohoni tangu Jumamosi na alikuwa akilikwepa.

"Joëlle, hii shati ilikuwa rangi ya chai. Ulifula na nini?"

Joëlle aliuweka chini mfuko wake wa shule.

"Ninakuuliza, mama yangu. Ulifula na nini?"

"Na dawa."

"Dawa gani?"

"Ya pipa. Yote. Jumamosi hakukuwa kitu ndani ya mayi, mama. Na niliwaona wanakunywa."

Mama Marthe alikaa chini taratibu, kwenye mchanga, kijiko kikiwa bado mkononi. Mikate ikaanza kuungua na hakuigeuza. Joëlle alisubiri kofi, na kofi halikuja. Angelifurahia. Mama alikuwa akitokwa na machozi bila sauti, kama alivyolia siku walipovuka ziwa wakikimbia vita, Joëlle akiwa mdogo mgongoni mwake.

"Simama," alisema mwishowe. "Tunaenda kwa ba Bwembya. Kisha utachukua simu na utasema kwa mudomo yako. Kuandika hapana. Basikie sauti yako."

Ba Bwembya alisikiliza hadi mwisho. Alifungua daftari, akafuta mstari aliokuwa ameuandika Jumapili, akaandika mwingine. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba tangu Jumapili yeye na wenzake walikuwa wakitafuta kosa kisiwani, wakati lilikuwa hapa. Kuanzia siku hiyo, asubuhi na jioni, atakuja kupima maji ya pipa mwenyewe. Joëlle ataendelea kulisugua na kulijaza, wanywe watu wasinywe.

Ujumbe wa sauti aliotuma kwenye kundi ulikuwa mfupi, na aliurudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kilio kilimmaliza. "Sagesse hana kosa. Pipa mubaya ni yangu. Dawa nilifulia shati. Nilimuona anakunywa na sikusema. Mumurudishe."

Valère, mvulana wa ng'ambo, aliandika kwanza: "Sasa tutaamini kitambaa gani?" Baada ya hapo watu walianza kutoka. Kimya kimya, mmoja mmoja, jina likifuatwa na maneno yale yale: ametoka, ametoka. Delphine alifuta video ambayo ilikuwa imeshaanza kusambaa. Alimrudisha Sagesse na kumwomba radhi mbele ya wote, kisha akamwandikia Joëlle mstari mmoja: "Kipande chako ukitume na mutumbwi ya kwanza." Ilipofika Ijumaa, watu kumi na mmoja kati ya kumi na tisa walikuwa wameondoka.

Habari haikubaki kwenye simu. Wavuvi waliposikia, walianza kuyapita mapipa yote yenye samaki wa njano, hata yale ya Mununga yaliyokuwa na dawa kila siku. Wakarudi kuchota maji ya ziwa kwa mikono, wakisema kwamba angalau ziwa halimdanganyi mtu. Joëlle alikifungua kitambaa kwenye bomba, akakikunja mara nne, akampa nahodha wa mtumbwi. Alijaza pipa kila asubuhi, na kwa siku tisa aliyekunywa alikuwa mama yake peke yake.

Siku ya kumi Mama Deborah alifika. Djo alikuwa ametoka kituoni akiwa hai, lakini miguu yake ilikuwa imekonda na alibebwa mgongoni kama mtoto mchanga. Sagesse alikuwa amepona pia. Alibaki ndani ya mtumbwi, amewapa mgongo, na hakushuka.

Mama Deborah alisimama mbele ya pipa. "Mayi iko?"

"Iko, mama."

"Dawa?"

"Iko. Ba Bwembya amepima asubuhi hii."

"Sikuuliza ba Bwembya. Kunywa weye kwanza."

Joëlle alikinga kikombe akakinywa chote, polepole, na Mama Deborah akalitazama koo lake likipanda na kushuka hadi tone la mwisho. Alikuwa ameinua simu yake akimrekodi.

"Sasa sikia, mutoto," alisema, akiiweka simu chini. "Ile picha ya bazungu mulifanya ikuwe yetu. Ilikuwa kintu kizuri, na ile kitenge nilikata na mikono yangu, nilikuwa na furaha. Lakini mulichukua picha na kitambaa, mukaacha kuonja. Kitambaa haina tumbo. Mutu ndjo iko na tumbo. Kundi yenu iko na jina moja, na kila mutu anabeba ile jina yote, hapana kipande. Weye ulidanganya peke yako, na leo batoto kumi na nane banaitwa baongo. Mutu mukweli haogope kunywa kwanza. Ndjo vile utajua mutu mukweli."

Joëlle aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Ya shati, ninaweza kusamehe. Mutoto anapenda kupendeza." Mama Deborah alivuta pumzi. "Ya kumuona mutoto yangu anakunywa na kunyamaza, bado."

Alikinga kikombe chake mwenyewe, akanywa nusu, akasema maji ni mazuri. Video ile aliituma kwenye kundi, na akawaambia wote waliobaki wafanye hivyo hivyo: anayechunga pipa ajirekodi akinywa kikombe cha kwanza, na mtumbwi ukifika anywe tena mbele ya watu. Delphine alikubali siku ile ile. Picha za kusimama wima kando ya pipa zikakoma. Taratibu, mwalo baada ya mwalo, wavuvi walianza kusimama tena kwenye mapipa, ingawa sasa walimtazama mtu kabla ya kutazama kitambaa.

Kabla hawajaondoka siku ile, Joëlle alikinga kikombe kingine. Alionja funda moja, akapiga magoti, akamnyooshea Djo kwa mikono miwili. Djo alikitazama kikombe. Akalitazama pipa. Kisha akatikisa kichwa na kuuficha uso kwenye bega la mama yake, na Mama Deborah akatoa kwenye mfuko wake chupa ya maji aliyoyachemsha nyumbani, akampa anywe.

Watu kadhaa wamerudi kwenye kundi. Sagesse yumo, na akiulizwa jambo hujibu, ila zile salamu za jioni zenye bata hazijarudi. Mtumbwi wa Chisenga hufika kila Jumamosi. Djo sasa anatembea mwenyewe hadi kwenye pipa, anasimama hatua tatu mbali, na kila akinyooshewa kikombe hutikisa kichwa. Kila Jumamosi Joëlle humwonjea tena.